Udongo mfukoni mwa sketi ya shule

Wiki mbili zilizopita mama mmoja wa Malolo, kule Kilosa kwenye mashamba ya vitunguu, alinitumia ujumbe mrefu wa sauti. Binti yake ana miaka 15, yuko kidato cha pili. Chakula cha mchana shuleni hali. Usiku anamega matonge mawili ya ugali, anasema ameshiba, anaondoka. Lakini mama akifua sketi ya shule anakuta mfukoni vipande vya udongo, ule wa kununua, pamoja na punje za mchele mbichi. Na siku hizi binti akipanda kilima kurudi nyumbani anasimama mara tatu kutafuta pumzi.

Mama huyu hakukaa kimya, ameuliza. Bibi wa mtoto amesema ni minyoo. Jirani amesema ni mimba, wakapima, hakuna mimba. Mwalimu amesema binti ni mvivu, analala darasani. Kanisani wamesema aombewe. Zahanati wamempa dawa ya minyoo na kumwambia ale vizuri. Swali lake kwangu lilikuwa fupi: sasa nimpeleke wapi?

Nimelichagua swali hili kwa sababu wote hao wanampenda huyu mtoto na kila mmoja ameona kitu. Mwalimu ameona usingizi, zahanati imeona tumbo, mama ameona udongo. Ila mwalimu hajui habari ya udongo, na zahanati haijui habari ya kilima. Kila mmoja ameshika kipande chake.

Tuanze na udongo wenyewe, maana wengi wetu tunauchukulia kama utani wa wajawazito. Sokoni unauona umepangwa kwenye sinia, vijiti vya rangi ya kijivu au kahawia, pembeni ya nyanya na dagaa. Wengine wanauita pemba. Wanaokosa wa kununua wanachokonoa ukuta wa nyumba ya udongo au kichuguu. Mjamzito anaufunga kwenye pindo la kanga, anamega kidogo kidogo njiani, na wenzake wanacheka.

Kwa madaktari wa akili hili si jambo la kucheka tu. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika Januari 2022, hamu ya kula kitu kisicho chakula imewekwa kwenye kundi moja na kujinyima chakula mpaka kukonda kupita kiasi, na kula kupita kiasi kisha kujitapisha. Yote yanaitwa matatizo ya ulaji. Jina la kitaalamu la kula udongo ni pica, neno la Kilatini la ndege fulani anayesifika kwa kula chochote. Tukiliandika Kiswahili litakuwa “pika”, tutachanganyana jikoni, kwa hiyo nitaendelea kusema kula udongo.

Niseme mapema kwamba mjamzito anayemega kipande mara moja moja kwa sababu ndivyo wanawake wa kwao wanavyofanya hatajwi kuwa mgonjwa wa akili. Wataalamu wenyewe wanatenganisha mila na ugonjwa. Lakini mwili hauna mila. Udongo ukiingia tumboni unafanya kazi yake bila kujali umeliwa kwa sababu gani.

Na wanaokula si wachache. Pemba, kisiwani, wajawazito zaidi ya 2,300 waliulizwa, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010: wanne kati ya kila kumi walikuwa na hamu ya aina hii, na waliotafuna mchele mbichi walikuwa wengi kuliko waliokula udongo. Utafiti mwingine uliochapishwa 2009, wa wajawazito 971 wa Tanzania wanaoishi na virusi vya Ukimwi, ulikuta asilimia 29 wanakula udongo. Mkoani Geita, kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, kati ya wajawazito 340 karibu nusu walikuwa wanakula, na udongo wao ulipopimwa maabara ulikutwa na madini kama arseniki, kromiamu na nikeli. Huo ulichapishwa 2014. Narudia kwa mzazi anayesoma haraka: arseniki ni sumu, na iliuzwa sokoni kwenye sinia.

Malolo hakuna migodi ya Geita. Kuna kitu kingine ambacho kipo nchi nzima, nacho ni upungufu wa damu. Takwimu za afya za taifa za mwaka 2022 zinasema wanawake 42 kati ya 100 wenye umri wa kuzaa, kuanzia miaka 15, wana damu pungufu. Na kula udongo na upungufu wa damu vinatembea pamoja. Mwenye upungufu wa madini ya chuma mara nyingi hupata hamu ya ajabu: udongo, mchele mbichi, barafu, mkaa, hata unga wa muhogo mkavu. Udongo nao ukifika tumboni unaweza kuyashika yale madini ya chuma yaliyomo kwenye mboga na maharage, mwili usiyapate. Ni duara. Juu ya hapo kuna mayai ya minyoo yanayokuja na udongo wenyewe.

Kwa hiyo bibi hakukosea kusema minyoo. Alipatia nusu.

Sasa binti wa miaka 15 aliye kwenye duara hilo ana hedhi kila mwezi, anakwenda shule kwa miguu na bado anakua. Akifika miaka 22 akabeba mimba na damu ile ile pungufu, siku ya kujifungua hana akiba. Mwanamke mwenye damu ya kutosha akivuja damu wakati wa kujifungua ana muda wa kufikishwa hospitali. Asiye na damu hana muda huo, na kutoka Malolo hadi hospitali ya Mikumi ni safari. Ndiyo maana nasema udongo wa mfukoni mwa sketi si habari ndogo.

Lakini ujumbe wa mama yule ulikuwa na jambo la pili, na hili ndilo tunalolikwepa. Binti anakwepa chakula. Nilipompigia nikamuuliza kama kuna lolote binti amesema kuhusu mwili wake, alinyamaza kidogo, kisha akasema wenzake shuleni wanamwita jina la mnyama mmoja mkubwa wa mtoni. Na kwamba anaazima simu ya kaka yake kila jioni kuangalia video za wasichana wanaoonesha viuno.

Tumezoea kuamini kwamba kujinyima chakula ili uwe mwembamba ni ugonjwa wa Wazungu. Sababu yetu inaeleweka. Kwetu mtu akikuambia umenenepa amekusifia. Mwali akitoka ndani alisifiwa kwa unene na ngozi nyororo. Nguo zikimpwaya mtu, watu wanauliza kama anaumwa au ndoa ina shida. Mtoto aliyelelewa hivyo atajinyima vipi?

Fiji nao walikuwa hivyo hivyo. Ni visiwa vya Pasifiki ambako mwili mkubwa ulikuwa heshima ya familia. Televisheni iliingia katika eneo moja la huko mwaka 1995. Mtafiti kutoka Marekani, Anne Becker, aliwauliza wanafunzi wa kike wa sekondari mwaka huo: hakuna hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apunguze uzito. Alirudi 1998. Asilimia 11 walisema wanafanya hivyo, na karibu robo tatu walisema kuna wakati wanajiona wanene mno. Miaka mitatu tu, na ilikuwa televisheni ya sebuleni ambayo familia nzima inaangalia. Binti wa leo analala na simu chini ya mto.

Na Tanzania? Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa wasichana na wanawake 214 wa hapa kwetu, wa umri wa miaka 13 hadi 30. Matatizo ya ulaji yalikuwepo, na ukaribu na vyombo vya habari na maisha ya Magharibi ulionekana kwenda pamoja nayo. Hiyo ni kabla ya simu janja kufika Malolo.

Hapa niweke tahadhari moja kwa msisitizo. Kabla hujasema mtoto ana tatizo la ulaji, hakikisha kwanza chakula kipo. Wapo wanafunzi wasiokula mchana kwa sababu mchango wa chakula haujalipwa, na fedha ya vitunguu inakuja kwa msimu. Mtoto mwenye staha atakuambia hana njaa kuliko kukuambia jina lake limesomwa mstarini. Muulize mwalimu, usimuulize mtoto peke yake. Yule mama aliuliza. Mchango ulikuwa umelipwa.

Turudi kwenye swali lake, ampeleke wapi. Nilimjibu hivi: rudi zahanati, au nenda moja kwa moja Mikumi kama nauli ipo, ombeni kipimo cha wingi wa damu, na useme neno “udongo” kwa sauti. Usiseme tu mtoto hali. Sema anakula udongo na mchele mbichi, tangu lini, kiasi gani, anachoka akipanda kilima, na sema pia wanamcheka mwili wake. Mambo yote manne kwa mtu mmoja, siku moja. Damu ikiwa pungufu atapewa vidonge vya madini ya chuma, na kwa wengi hamu ya udongo hupungua damu inapopanda. Vidonge asinywe na chai, chai inazuia. Anywe na maji, na juisi ya ubuyu au chungwa inasaidia mwili kuyapokea madini hayo. Kwa watu wa Malolo na Ruaha Mbuyuni ubuyu si wa kutafuta mbali. Vifungiwe mbali na watoto wadogo, maana mtoto akila vingi kama pipi vinaweza kumuua.

Damu ikipanda na bado anakwepa sahani, hapo ni mlango mwingine, wa afya ya akili, na usione aibu kuugonga.

Mama huyu alilazimika kuwa yeye mwenyewe ndiye kamba ya kuunganisha watu watano. Je, hiyo ni kazi yake? Nchi yetu ina kamba tayari, na ni imara kuliko tunavyodhani. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ipo tangu 1973. Tangu 2016 kuna mpango wa taifa wa lishe unaozikusanya sekta mbalimbali, afya, kilimo, elimu, maji, na awamu yake ya pili ilianza 2021. Wakuu wa mikoa wametia saini mikataba ya lishe, na Septemba 2022 Rais Samia alishuhudia mipya ikisainiwa Dodoma. Halmashauri zinatakiwa kutenga Sh1,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Kuna maafisa lishe. Kila robo mwaka kijijini kuna SALIKI, siku ya afya na lishe ya kijiji. Na Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa wahudumu 137,294, wawili kwa kila kitongoji au mtaa.

Hiyo ni ngazi inayotoka Dodoma mpaka mlangoni kwako. Nchi nyingi zinaitamani.

Shida ni kile ambacho ngazi hiyo inakipima. Inapima mkono wa mtoto mdogo kwa mkanda, uzito, urefu, inapima damu ya mjamzito. Inauliza umekula nini. Haiulizi kwa nini huli, wala unakula nini ambacho si chakula. Wanawake kadhaa niliozungumza nao wakati naandaa makala haya, wenye watoto wawili, watatu, walikuwa na udongo kwenye kanga siku zote za kliniki, na hakuna aliyewahi kuulizwa. Mmoja aliniambia muuguzi mwenyewe alimwomba kipande.

Na binti wa miaka 15? Si chini ya miaka mitano, si mjamzito. Mkanda haumfikii na kadi ya kliniki hana. Amedondoka katikati ya ngazi mbili, akisubiri abebe mimba ndipo apimwe damu. Hili linaniudhi, naomba radhi kwa kusema wazi. Tunaandika kwenye mipango kwamba vijana balehe ni kundi muhimu, halafu mizani iko kliniki ya watoto wachanga.

Australia walianza mwaka 2009 kuwaweka pamoja chini ya chombo kimoja cha kitaifa madaktari, walimu, familia na watu waliougua matatizo ya ulaji. Tangu Novemba 2019 bima yao ya umma inamlipia mgonjwa aliye katika hali nzito hadi vikao 40 na mtaalamu wa saikolojia na 20 na mtaalamu wa lishe kwa mwaka. Hatuna fedha hizo na sitajifanya tunazo. Lakini walichoanza nacho, miaka kumi kabla ya fedha, ni kukubaliana nani anauliza nini na anamtuma mgonjwa kwa nani. Hicho hakina bei kubwa.

Kwangu mimi maswali ni mawili. La kwanza: kuna kitu kisicho chakula, au chakula kibichi, unachotamani kula? La pili: kuna siku unajizuia kula au unajitapisha kwa sababu ya umbo lako? Yaulizwe kliniki ya wajawazito, kwenye SALIKI, na mwalimu wa afya shuleni, na mhudumu wa kitongoji anapopita nyumbani. Yawekewe nafasi kwenye daftari, maana kisichoandikwa hakihesabiwi, na kisichohesabiwa afisa lishe hawezi kukiombea fedha. Akijibu ndiyo la kwanza, anapimwa damu wiki hiyo. Akijibu ndiyo la pili, anaonwa na muuguzi aliyefundishwa afya ya akili, na kama hayupo karibu, mhudumu ajue aliko. Mpaka leo mgonjwa wa akili wengi wetu tunamwazia Mirembe tu, kana kwamba kati ya zahanati na Mirembe hakuna kitu.

Wakati hayo yanasubiri wakubwa, nyumbani kuna kazi, na ni kazi ya mzazi hasa. Tiba inayoaminika sana kwa vijana wanaojinyima chakula ilianzia hospitali ya Maudsley, London, miaka ya 1980, na msingi wake utawashangaza wanaodhani tiba ya kisasa inamtenga mtoto na wazazi. Wazazi ndio wanaoshika sahani. Baba na mama, au mama na shangazi, yeyote aliye mlezi, wanaamua mtoto atakula nini na saa ngapi, wanakaa naye mpaka amalize, kila mlo, kwa wiki na miezi. Hakuna kumlaumu wala kutafuta nani alimsababishia. Ndugu zake hawamlazimishi, wanakaa naye tu na kupiga soga. Anapopata nguvu, anarudishiwa uamuzi kidogo kidogo.

Kwa familia za kwetu zinazokula kwenye sinia moja hili si geni, ila sinia lina hila yake: anayejinyima hujificha ndani yake. Anaosha mikono, anamega, anachovya mboga, tonge linarudi. Mpakulie sahani yake kwa muda, bila kuitangaza kama adhabu.

Usimwambie “mbona umependeza hivyo hivyo” ukadhani umemaliza. Wala usimtanie kuhusu makalio mbele ya wajomba. Na kaka mwenye simu azungumziwe na baba.

Kuna hali ambazo hazisubiri sinia wala SALIKI. Amezimia. Moyo unamwenda mbio akiwa amekaa. Viganja na ndani ya kope vimekuwa vyeupe. Hedhi iliyokuwa imeanza imekata miezi mitatu na hana mimba. Tumbo limekaza siku nyingi hapati choo, kwa mla udongo hilo ni hatari. Anatapika damu. Anasema hataki kuishi. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Na kama amekaa siku nyingi karibu bila kula, usimshindilie chakula kingi ghafla kwa furaha ya kuona anakula. Mwili uliokauka ukipokea chakula kingi kwa mara moja moyo unaweza kusimama. Aliyewahi kulazwa na mtoto mwenye utapiamlo mkali anajua jinsi wauguzi wanavyoanza na maziwa mepesi, kipimo kidogo, usiku na mchana. Binti mkubwa naye huanza hivyo, chini ya macho yao.

SALIKI ya kijiji chako ikifika, hata kama huna mtoto mchanga, nenda na binti yako, umwombe afisa au mhudumu ampime uzito na urefu na kukuelekeza mahali pa kupima damu. Akikuambia siku hii ni ya watoto wadogo, mwombe aandike kwamba umekuja. Wakija kumi kwenye kijiji kimoja, ripoti ya robo mwaka itakuwa na mstari mpya.

Na kwa mtoto anayechekwa au kuonewa shuleni mpaka anaogopa kula, simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haikatwi fedha, na mtoto anaweza kupiga mwenyewe.